Vidonge vya kuongeza damu vya bei rahisi (FEFO): nimemeza miezi sita, haya ndo niliyoyaona

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka apate jibu lake. Kidonge chenyewe nyota nne kati ya tano. Bahasha niliyouziwa nayo mara ya kwanza nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu dawa ndani ilikuwa ya kweli.

Nazungumzia vile vidonge vya kawaida vya mviringo, vyekundu vinang'aa, vipo karibu kila famasi, kopo lake limeandikwa Ferrous Sulphate 200 mg (yaani madini ya chuma), na ndugu yake yule mwenye foliki asidi ndani ambaye kliniki ya wajawazito wanamuita FEFO na anatolewa bure. Mi nimetumia vyote viwili, na hapo katikati nikapitia dawa ya maji na kapsuli moja ya bei kubwa sana, zote ntazieleza.

Kwanza hali yangu ilivyokuwa ili ujue naongea kutokea wapi. Mwaka jana nlikuwa nachoka kuchoka kule ambako ukilala hakuondoki. Ngazi za daraja la Manzese nlikuwa nazipanda kwa awamu mbili, nasimama katikati nashika chuma najifanya naangalia simu, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Nywele zinatoka mafungu kwenye kitana. Alafu kulikuwa na kitu nlikuwa namficha hata mume wangu, barafu. Nlikuwa nafungua friza nabandua barafu nazitafuna, bakuli zima linaisha, na mchele mbichi pia kiganja kwa kiganja wakati nachambua. Nlijua ni tabia tu. Kumbe hiyo hamu ya barafu, udongo, mchele mbichi, ni dalili inayojulikana kabisa ya upungufu wa madini ya chuma, daktari aliniuliza mwenyewe kabla sijasema, "mama unatafuna nini siku hizi?" nikashindwa kumficha.

HB (kile kipimo cha wingi wa damu) ilikuwa 8.1. Kwa mwanamke ambaye hana mimba inatakiwa 12 kwenda juu, mjamzito 11, mwanaume 13.

Sasa hapo ndo famasi ya mtaani inaingia. Nlivyopata majibu ya kwanza (hiyo ni kabla sijakutana na huyo daktari) nikaenda moja kwa moja kununua. Kijana aliyekuwepo akahesabu vidonge 30 kwenye kisahani, akavimimina kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika kwa kalamu 1x3, nikalipa 3,000. Nikamuuliza, "kaka hizi nakunywaje?" akasema "kutwa mara tatu dada, baada ya kula." Basi. Hakuna kingine. Sitaji famasi na sio lengo langu kumharibia mtu kazi, ila ile bahasha ndo iliyonila miezi miwili ya maisha yangu.

Kwa sababu baada ya kula kwangu mimi asubuhi ni nini? Ni chai ya maziwa na maandazi. Mchana ni wali maharage na baadae chai tena ofisini. Usiku chakula, alafu chai ya rangi. Kila kidonge nlichomeza kilikuta chai tumboni. Na majani ya chai yana kitu ambacho kinaikamata ile chuma kabla mwili haujaichukua, maziwa nayo yana kalsiamu inaizuia vilevile, kahawa pia. Yaani nlikuwa nameza dawa alafu nainyima nafasi ya kufanya kazi kwa mkono huohuo.

Na vitatu kwa siku vilinitesa. Kichefuchefu, tumbo linasokota, choo kigumu siku tatu nne hakitoki, na kikitoka ni cheusi kama masizi. Choo cheusi kilinitisha nikaacha wiki nzima bila kumwambia mtu, nikajua ndani kuna kitu kinavuja damu. Ningeandikiwa sentensi moja tu kwenye ile bahasha, "choo kitakuwa cheusi, usiogope", nisingeacha. Cheusi cha dawa ni cha kawaida, ni ile chuma iliyobaki inatoka. Cha kuogopesha ni kile cheusi kinachonata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida, au chenye damu mbichi, hicho nenda hospitali siku hiyohiyo.

Miezi miwili nikapima tena. 8.4. Nikalia pale maabara kwa kweli.

Hapo ndo nikaenda hospitali ya serikali nikakutana na daktari mmama mtu mzima, na huyu ndo aliyebadilisha kila kitu, na dawa ilikuwa ileile. Ileile jamani. Aliikataa karatasi yangu ya HB peke yake, akaagiza FBP (kipimo cha damu kamili, chembe zote) na ferritini. Ferritini ndo inaonyesha akiba ya chuma mwilini, yangu ilikuwa 6, akasema hapa stoo hakuna kitu. Akauliza hedhi, siku ngapi, pedi ngapi, nikamwambia siku nane na siku za mwanzo navaa mbili kwa pamoja. Akanituma utrasaundi, faibroidi zikaonekana, yaani uvimbe kwenye kizazi. Kwahiyo damu ilikuwa inatoka kila mwezi na hakuna aliyewahi kuniuliza inatokea wapi. Alisema neno nimelishika, "dawa inajaza ndoo, lakini tundu lazima tulijue liko wapi." Na akasema kwa mwanaume, au mwanamke ambaye hedhi imeshakoma, ukikuta amepungukiwa chuma usimpe vidonge ukamuacha aende, lazima atafutwe anapovujia, anaweza kuwa na vidonda vya tumbo, anaweza kuwa na shida kwenye utumbo mpana. Wengine ni minyoo ya safura.

Alafu akanipangia upya. Kidonge kimoja tu. Siku moja nameza, siku inayofuata naacha. Nikamwambia dokta mbona ni kidogo hivyo wakati damu yangu iko chini hivi, akanieleza vizuri kabisa na mi nikaenda kusoma nikakuta ni kweli. Ukimeza chuma, ini linatoa homoni inaitwa hepsidini, kazi yake ni kufunga mlango wa utumbo usipokee chuma nyingi, na huo mlango unabaki umebanwa kama siku nzima. Kwahiyo kidonge cha pili na cha tatu cha siku hiyo vinakuta mlango umefungwa, vinabaki tumboni vinakuletea kichefuchefu na choo kigumu tu. Kuna watafiti wa Uswisi walitoa matokeo yao 2017, waliwapa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, kundi moja kila siku na lingine siku moja wanaruka, walioruka mwili ulichukua karibu asilimia 22 ya chuma ya kila kidonge, wa kila siku kama asilimia 16. Haimaanishi kila mtu aruke, kuna watu daktari atawaambia kila siku, na WAJAWAZITO MSIJIBADILISHIE, nyie ni kila siku kama kliniki ilivyowaambia maana mahitaji ya mtoto ni makubwa. Nachosema ni kwamba 1x3 sio sheria, muulize anayekutibu.

Muda nlioshika mi ni saa kumi na moja alfajiri, nikiamka, tumbo tupu, maji glasi moja na nusu chungwa au kipande cha embe kama ni msimu. Vitamini C inasaidia chuma ipite. Chai nasubiri mpaka saa moja na nusu nikifika kazini. Wiki ya kwanza nlihisi kichefuchefu kidogo, dokta akasema ukizidiwa meza na chakula kidogo, chakula kitapunguza kiasi kinachoingia ila ni bora hivyo kuliko kuacha, mradi chakula chenyewe kisiwe na maziwa wala chai. Nlifanya hivyo siku tano nikarudi tumbo tupu. Choo kigumu kilipungua chenyewe nilivyotoka vitatu kuja kimoja, na maji na papai.

Wiki ya nne, HB 10.2. Kutoka 8.4. Mwezi ule mzima nlikuwa nimemeza vidonge 14 tu, wakati mwanzo nlimeza zaidi ya 100 HB ikapanda 0.3 tu. Nliangalia ile karatasi mara nyingi mpaka dada wa maabara akaniuliza kama kuna tatizo. Mwezi wa tatu 12.3. Na barafu niliacha kuzitamani kabla hata ya damu kupanda vizuri, kama wiki ya pili hivi, nikafungua friza kutoa samaki nikaziona barafu zimejaa nikafunga, sikuwa na hamu nazo hata kidogo.

Hapo wengi ndo wanaacha na mi nilitaka kuacha. HB imefika 12, si nimepona? Daktari akasema hapana mama, damu imejaa ila stoo bado tupu, endelea miezi mitatu mingine. Nimeendelea. Ferritini juzi ilikuwa 48.

Sasa dawa zingine nilizojaribu.

Kapsuli. Hii nliuziwa na mtu anayeuza virutubisho mtandaoni, 45,000 kopo la 30, kopo zuri sana lina picha ya komamanga, anakwambia inaongeza damu ndani ya siku saba. Nilichojifunza baadae ni kugeuza kopo na kutafuta namba moja tu, CHUMA HALISI ni miligramu ngapi. Kile kidonge cha famasi cha 200 mg ukitoa chumvi yake kinabaki na chuma halisi kama 65. Hiyo kapsuli ya 45,000 ilikuwa na 14. Kumi na nne! Yaani ili nifikie kidonge kimoja cha shilingi 100 nilitakiwa nimeze nne na zaidi, na humohumo ndani waliweka na kalsiamu. Kwa mtu mzima wa afya anayetaka kirutubisho tu labda sawa, kwa mtu ana HB 8 hiyo sio matibabu. Nyota moja.

Dawa ya maji. Nyota tatu. Inafaa kwa watoto na mtu asiyeweza kumeza, dozi ni rahisi kupunguza kidogo kidogo kama tumbo linakataa. Ila ladha yake ni kama umelamba msumari na inapaka meno rangi nyeusi, kunywa kwa mrija uupeleke nyuma ya ulimi kisha sukutua. Na pima kwa kile kikombe chake, usitumie kijiko cha chai cha nyumbani, vijiko havilingani.

Vile vidonge vyenye ganda la kuyeyuka taratibu, famasi moja walinipendekezea eti havisumbui tumbo. Kweli havisumbui sana, lakini sehemu ya mwanzo ya utumbo ndo inayopokea chuma vizuri na wao wanaachia dawa huko mbele imeshapita. Sikununua.

Juisi ya matembele, rozela, bitiruti, mama mkwe alinitengenezea zote kwa upendo na nilikunywa zote. Mboga naila mpaka leo na ni chakula kizuri, maini na dagaa pia, ila nlimwambia kwa heshima, mama hii tutaiweka pamoja na dawa, haitachukua nafasi ya dawa. Rangi nyekundu ya bitiruti sio damu. Akiba ikiwa imeisha kabisa chakula peke yake hakiwahi.

Naomba hapa usome taratibu, hasa kama una mtoto ndani.

Ile bahasha ya kaki. Haina kifuniko, ukiikunja inafunguka. Nliiacha juu ya meza ya kioo. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka miwili na nusu, alikuwa kwetu wikendi, nimetoka kuanua nguo narudi nakuta amekaa chini, bahasha imechanika, vidonge vimetapakaa kwenye zulia, kimoja kiko mdomoni ananyonya na midomo yote imekuwa nyekundu. Vimepakwa sukari kwa juu, kwake ni pipi. Nlimtoa kile kidonge kwa kidole mikono inatetemeka. Bahati yangu nilikuwa nahesabu, nilijua asubuhi vilibaki 23, nikapiga magoti nikavihesabu kwenye zulia, 22 na kile cha mdomoni. Tukampeleka hospitali hivyohivyo.

Nesi wa zamu alikuwa mkali lakini alitufundisha. Akasema watu wengi wanajua vidonge vya damu ni kama vitamini tu, havina madhara, kumbe kwa mtoto mdogo ni sumu kweli inaua. Mtoto wa kilo 12 kama huyu, vidonge vinne tu vya 65 vinatosha kuanza kumletea shida, kumi na moja na kuendelea ni hatari ya kufa. Na ubaya wake ni kwamba anatapika na kuharisha masaa ya mwanzo, alafu anaonekana amepata nafuu, anacheza, mzazi anasema ameshapona, kumbe huko ndani ini na moyo vinaanza kuharibika. Kwahiyo usisubiri dalili, usimtapishe, usimpe maziwa ukakaa nyumbani, usitegemee mkaa kwa sababu mkaa hauikamati chuma. Chukua kopo au bahasha na vidonge vilivyobaki, nenda, wahesabu wenyewe. Walimuangalia masaa sita, akarudi mzima Alhamdulillah. Tangu siku hiyo vidonge vyangu viko kwenye kopo la kufunga kwa kusukuma na kuzungusha, juu ya kabati, ndani ya begi la zipu.

Wengine wa kuwa makini. Mwenye selimundu, au anayeongezewa damu mara kwa mara, usinunue hizi kwa kuangalia HB tu, HB yako inaweza kuwa chini huku chuma mwilini iko nyingi kupita kiasi, pima ferritini kwanza. Ukiwa kwenye doksi au sipro, chuma inaizuia antibayotiki isiingie, tenganisha masaa, mfamasia atakwambia. Dawa ya tezi ya shingo vilevile, angalau masaa manne. Dawa za kiungulia zinapunguza chuma kuingia, mwambie daktari kama unatumia omeprazo kila siku. Na mnaotumia TLD, kile kidonge cha ARV, hili wengi hawaambiwi, chuma inaweza kuizuia ile dolutegravir iliyomo ndani, meza TLD masaa mawili kabla ya chuma au masaa sita baada, au kama utameza pamoja basi iwe pamoja na chakula, sio tumbo tupu. Kwahiyo ratiba yangu ya alfajiri na chungwa sio ya kila mtu.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu. Na dawa ipo, ni ya shilingi 100, inafanya kazi, mi ni ushahidi. Hiyo nyota moja niliyoinyima kidonge ni kwa ajili ya tumbo langu la wiki ya kwanza. Nyota nne nilizoinyima bahasha ni za yule mtoto kwenye zulia na ile miezi miwili ya chai.

Sasa hivi nanunua famasi nyingine karibu na kituo cha mwendokasi, dada pale anauliza kwanza unakunywa dawa gani nyingine, anakupa kwenye kopo lenye kifuniko, anabandika karatasi imeandikwa "tumbo tupu, maji, siyo chai, choo kitakuwa cheusi, weka mbali na watoto". Bei ileile. Faibroidi bado zipo, nina tarehe ya kuonana na daktari wa kina mama mwezi ujao, na nimebakiza vidonge tisa.